Picha bila jina ni kama mtoto yatima

Ndugu wasikilizaji wa Katuba, nanyi jamaa mlioacha nyumba zenu mkaja kukaa kwetu, leo nataka tuzungumze juu ya sanduku la mabati lililo chini ya kitanda.

Wengi wetu tukisikia Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, tunawaza misalaba ya shaba na vitu vya wafalme wa zamani. Lakini tangu mwaka 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi, wenye walimu wa chuo kikuu chetu, ulifungua mlango mwingine: watu wa mitaa waonyeshe vitu vya nyumba zao, vya kazi, vya mavazi, vya muziki. Hapo pasi ya makala ya mama ikawa historia, sawa na msalaba wa shaba.

Ni vizuri, kwa sababu vitu vyetu vinaenda mbali. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wetu, alichora historia ya inchi hii katika miaka ya 1970. Michoro yake zaidi ya 100 iko Amsterdam. Mtoto wa Katuba akitaka kuiona, atafute visa kwanza.

Tena sisi tumekimbia mara nyingi. Mwaka 1961, maelfu ya Waluba wa muji huu waliacha nyumba zao, wakalala katika kambi ya ONU. Mwaka 1992 na 1993, familia za asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikangoja treni kwenye gare, wiki kwa wiki. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, sufuria na godoro. Picha inabaki ukutani.

Jirani yangu mmoja, bibi mzee, alitoka Likasi na picha moja tu: wanaume sita wa kazi, wamesimama wima. Mume wake ni mmoja wao. Bibi amefariki. Wajukuu wanaitazama picha ile, kila mmoja anaonyesha uso tofauti: "Babu ni huyu." Nyuma hakuna neno hata moja.

Wengine wananiambia tusifufue mambo ya 1992, majirani watachukiana tena. Ninawaheshimu, maana kidonda kipo. Lakini picha ya harusi au kalata ya kazi ya baba haimtukani mtu. Inasema tu: tulikuwa pale, tulifanya kazi, tulioana. Tukinyamaza, wenye uongo watatusimulia sisi.

Kwa hiyo, wazazi wangu, nawaomba mambo machache. Andikeni nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, polepole: majina, mahali, mwaka. Bic inakwaruza, na wino wake unapenya. Msizibandike kwa gundi. Ziwekeni mbali na maji ya mvua na mchwa. Mpigeni kila picha kwa simu, kivulini, kisha mtume nakala kwa ndugu anayekaa muji mwingine. Na mtu akija kuomba kitu kwa ajili ya maonyesho, mpeni, lakini aandike karatasi yenye jina lenu na siku ya kukirudisha.

Nanyi vijana, kama nyumbani kuna mzee, kaeni naye leo jioni kabla ya bukari. Mwulizeni: huyu ni nani?