Longonot ya Masika

Likizo ya Aprili inapofika na shule kufungwa, familia nyingi za Nairobi hushika njia ya Mai Mahiu kwenda kupanda Mlima Longonot. Ni mwendo wa kilomita 90 hivi, na mtu hupanda, akashuka na kulala kwake siku iyo hiyo. Lakini fahamu, msomaji, kwamba mlima wa Aprili si ule wa Januari.

Januari adui ni vumbi. Udongo wa Longonot ni jivu na changarawe nyepesi iliyotemwa na volkano, nao ukikauka hugeuka unga unaokuingia puani, machoni na hata katika mkate uliofungasha. Mvua ya masika huutuliza. Hewa husafika, nyasi huchipuka, na ukifika ukingoni utaliona Ziwa Naivasha waziwazi. Asubuhi yenye baridi utaona pia mvuke ukifuka kutoka kuta za shimo la volkano, na chini kabisa msitu uliojaa tele.

Ubaya ni kwamba jivu halishikani. Maji yakiteremka hulichimba kama jembe, na kwa miaka mingi yamekata mifereji yenye kingo za wima. Njia ya watu hupita kando ya mifereji hiyo, na mahali pengine ndani yake. Wala si lazima mvua ikunyeshee wewe. Ikinyesha juu, maji yatakufuata chini. Katika mbuga jirani ya Hell's Gate, mafuriko ya ghafla yaliua watu saba korongoni Aprili 2012, na wengine saba Septemba 2019. Njia ya Longonot haipiti katika korongo refu kama lile, lakini tabia ya maji ni moja.

Basi uwe langoni saa moja asubuhi, kwani aghalabu mvua ya masika huanguka alasiri. Kutoka langoni hadi ukingoni ni kilomita tatu hivi. Hapo ndipo pa kuamua. Kuuzunguka ukingo ni kilomita saba nyingine, kupitia kileleni, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Kijia ni chembamba, hakuna pa kujibanza radi ikipiga, na ukishafika nusu ya mzunguko hakuna njia ya mkato: kurudi na kuendelea ni mamoja. Kwa maoni yangu, mawingu meusi yakianza kurundikana kabla hujaanza kuzunguka, geuka. Watoto watanuna, na wanafunzi watakuita mwoga. Wacha wanune, shimo wameshaliona.

Kushuka ndiko huangusha watu. Jivu lililoloa juu ya mwamba mgumu huteleza kama mlenda, na raba iliyolika soli haifai kitu. Mkate fimbo kila mmoja, mshuke mkiachana hatua kadhaa ili anayeteleza asimzoe mwenzake. Maji beba katika chupa ya kudumu, maana tangu Juni 2020 zile za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku mbugani. Nguo kavu ziache garini. Na kama mmekodi matatu, chukueni magazeti ya zamani ya kutandika vitini, la sivyo mtagombana na dereva hadi Nairobi.