Mizani Tatu

Ukilitaja neno mizani mbele ya mshairi wa pwani, atajua mara moja kuwa wakusudia hesabu ya silabi katika mshororo: nane kwa nane, na mwenye kupunguza au kuzidisha shairi lake litaitwa guni. Huku Kahama na Geita, ninakoishi kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, neno hilo hilo likitajwa sokoni watu hugeuza shingo kukitazama chombo kidogo kilicho juu ya meza ya mnunuzi wa dhahabu. Kwa wachimbaji wadogo gramu moja ina pointi kumi, na pointi moja ikiibwa, iko nyumba itakayolala na njaa. Mizani ya tatu imeingia kwangu katika miaka hii ya karibuni, nayo haina sahani wala haionekani kwa macho. Ni zile namba, mabilioni kwa mabilioni, zinazokaa ndani ya faili moja na kuiwezesha kompyuta kujibu maneno kwa maneno. Wataalamu wa Kiingereza huziita kwa neno lenye maana ya uzito. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kufasiri, nimeziita mizani, maana shughuli yake ni kupima: baada ya neno hili, lipi lina uzito zaidi wa kulifuata? Elimu yenyewe wengine huiita akili unde, wengine akili mnemba, na jina la pili humchekesha kidogo mtu wa Unguja, ambaye Mnemba kwake ni kisiwa kilicho mbele ya Matemwe.

Mimi si mtaalamu wa mambo hayo. Shule niliyoisoma iliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi na redio, na arudhi kwa wazee waliokuwa wakinirudishia beti zangu zimejaa mistari ya wino. Nilikuja bara mwaka 2001, mwaka ulipozinduliwa mgodi wa Bulyanhulu, nikifuata biashara ya vitambaa. Biashara ikafa, tafsiri ikabaki. Mji ulikuwa umejaa karatasi za Kiingereza: mikataba ya kazi, ilani za usalama, barua za fidia, majibu ya hospitali. Anayeweza kuzisoma na kuzieleza kwa Kiswahili hakosi wageni kibarazani.

Modeli ya lugha ni chombo kilichosomeshwa maandishi mengi mno mpaka kikashika desturi ya maneno kufuatana. Zile zenye sifa kubwa hukaa katika majumba ya kompyuta ng'ambo, nasi huzipelekea maneno yetu kwa intaneti na kungoja jibu. Lakini zipo nyingine ambazo wenyewe wameziachia mizani zake, kila mwenye kutaka azipakue na kuziweka kwake. Julai 2022 watafiti wa BigScience walitoa BLOOM, yenye mizani bilioni 176 na lugha 46, Kiswahili kikiwamo. Ila ukubwa wake haukuwa wa kuingia katika kompyuta ya mtu mmoja. Februari 2023 kampuni ya Meta ilitoa Llama kwa watafiti, na iliyo ndogo kuliko zote katika kundi hilo ilikuwa ya bilioni 7. Mwezi uliofuata Mbulgaria mmoja, Georgi Gerganov, aliandika programu ya llama.cpp, iliyoiwezesha kompyuta ya kawaida kuiendesha modeli hiyo bila kadi za michoro za bei ghali. Septemba ya mwaka huo kampuni ya Mistral ya Paris nayo ikatoa modeli yake kwa leseni huria. Tangu hapo mlango haujafungwa.

Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba, niliyoinunua hapa hapa Kahama. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 16 na haina kadi ya michoro. Hesabu ni hii: kila namba ikiandikwa kwa biti 16, yaani baiti mbili, namba bilioni 7 huhitaji gigabaiti 14, na kompyuta yangu ingeelemewa. Kwa hivyo mafundi huipunguza kila namba hadi biti 4 hivi, mfano wa mtu anayeacha senti katika hesabu na kubakisha shilingi. Usahihi hupungua kidogo, lakini mzigo hushuka hadi gigabaiti nne na ushei. Faili la kiasi hicho nililipakua usiku, wakati bando ni rahisi, nikaliendesha kwa programu ya Ollama, ambayo amri zake ni za mstari mmoja mmoja. Kisha nikaichomoa modemu. Modeli ikaendelea kujibu kama hakuna kilichotokea, nami nikayakinisha kuwa chombo kimo ndani ya nyumba.

Haina haraka. Ili kutoa kipande kimoja cha neno, kompyuta hulazimika kulipitia faili lote, na mwendo wa kumbukumbu ndio unaopanga mwendo wa jibu. Kwangu hutoka vipande vinne au vitano kwa sekunde. Kiswahili huumia kuliko Kiingereza, kwa sababu ukataji wa maneno ulipangwa kwa kuzoea Kiingereza: neno kama "waliochimbiwa" huweza kukatwa mara nne au tano, ilhali neno la Kiingereza la kila siku aghalabu hupita zima. Ukurasa mmoja hunipa nafasi ya kunywa kahawa, na umeme ukikatika katikati naanza upya. Silalamiki, kwani tafsiri haijawahi kuwa kazi ya mbio.

Msomaji atauliza: kwa nini kujitaabisha, hali modeli za ng'ambo ni hodari zaidi na simu ya mkononi huzifikia? Nitajibu kwa habari ya mtu mmoja. Alifika kwangu na bahasha, akaketi, akautazama mlango. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika maduara ya wachimbaji wadogo upande wa Geita, akivuta vumbi la mawe, na sasa kifua kilimsumbua. Ndani ya bahasha mlikuwa na majibu ya picha ya kifua, kwa Kiingereza. Kabla sijaigusa karatasi aliitazama kompyuta, akauliza: "Mwalimu, hayo maneno ukiyaingiza humo, yanakwenda wapi?"

Nilimwonyesha modemu, iliyokuwa juu ya kabati. "Hayaendi popote, ndugu yangu. Yanaishia hapa mezani, na tukimaliza nitayafuta ukiwa unatazama." Ndipo aliponikabidhi karatasi.

Swali lake lilikuwa la mtu anayejua mambo. Watu wa Kahama waliliuliza swali la namna hiyo mwaka 2017, serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia, ule mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha uliotoka Bulyanhulu na Buzwagi kwenda kuyeyushwa ng'ambo. Makontena 277 yalizuiliwa Dar es Salaam, na nchi nzima ikajadili ni nini hasa kilichomo. Sitaki kuyafufua mabishano yale, yaliyofikia mapatano mwaka 2019 na kuzaa kampuni ya pamoja ya Twiga. Nachukua funzo moja tu: kitu kikishatoka na kupimwa mbali na macho yako, unabaki na neno la mpimaji. Karatasi ya mgonjwa nayo ni vivyo hivyo. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile zilizowekewa uangalifu wa pekee. Lakini kabla ya sheria ilikuwapo amana, na mwenye kushika amana hangojei kwanza kuambiwa adhabu ni kiasi gani.

Modeli iliifasiri karatasi ile kwa Kiswahili chepesi, na mahali pamoja ikapotoka. Madaktari wa Kiingereza wana neno wanalolitumia kusema kuwa kiungo fulani wamekitazama na hawakuona dosari. Mtaani neno hilo hilo ni la kitu kisicho na sifa. Mashine ikaandika kuwa moyo wa mgonjwa "haustahili kutajwa". Lau angesomewa hivyo, angetoka akidhani moyo wake umekwisha. Nikaandika "moyo haukuonekana na kasoro", nikamsomea yote polepole, nikamsihi airudishe karatasi kwa daktari aliyempima, amweleze makovu ya mapafu yana maana gani. Kisha nikalifuta faili, naye akalitazama mpaka likatoweka. Mashine ilinipunguzia kazi ya kuandika. Dhamana ya neno ilibaki juu yangu, na ndipo inapostahili kubaki.

Usiku, kazi za watu zikiisha, huijaribu kwa mashairi. Niliiomba ubeti wa tarbia juu ya dhahabu, wenye mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho. Mshororo wa kwanza ulikuwa huu: "Dhahabu ni mali ya thamani kubwa sana." Uhesabu, msomaji: silabi kumi na nne, na ukiukata penye nane unaipasua thamani yenyewe katikati. Nilipoiambia, iliniomba radhi kwa adabu kubwa, ikatoa mwingine na kunihakikishia kuwa una kumi na sita. Ulikuwa na kumi na mbili. Nikaijaribu Gemma, iliyotolewa na Google mwaka 2024: Kiswahili chake kilikuwa nadhifu zaidi, lakini guni likawa guni. Sababu iko katika ule ukataji. Sisi husikia silabi; yenyewe hupokea vipande vyake, visivyofuata silabi wala mzizi wa neno, na katika safari yote hiyo hakuna sikio. Nikaandika mwenyewe: "Dhahabu chini hukaa, juu mtu hungojea." Nane kwa nane. Si mshororo wa kujivunia, lakini umesimama kwa miguu yake. Tangu hapo huitumia modeli kama rafiki wa kamusi: naiomba maneno kumi yenye maana ya ngoja, inanipa sita yanayofaa, na moja kati ya hayo sita huwa nilikwisha kulisahau.

Kuna jambo zito zaidi kuliko mizani za ushairi. Huku ni Usukumani, na Kisukuma ni lugha yenye wasemaji wengi kuliko lugha zote za makabila nchini. Wazee huja na barua zao na kunieleza kisa kwa Kisukuma, mjukuu akiwa mkalimani. Niliiuliza modeli maana ya "wabeja", neno la shukrani linalosikika hapa kutwa. Ikajibu bila kusita kuwa ni jina la kijiji. Zipo modeli zilizotengenezwa kwa ajili ya lugha zetu: Jacaranda Health ya Kenya ilitoa UlizaLlama mwaka 2023, kwa kuisomesha Llama Kiswahili ili ijibu maswali ya kina mama wajawazito; na Lelapa AI ya Afrika Kusini ilitoa InkubaLM mwaka 2024, ndogo ya mizani milioni 400, Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha zake tano za Kiafrika. Katika tano hizo Kisukuma hakimo.

Wala tusidanganyane kwa neno huria. Wengi waliotuachia mizani hawakutuonyesha mchanga wake, yaani maandishi waliyoyasomesha modeli zao, na baadhi ya leseni, ya Llama ikiwamo, zina masharti ya kusomwa kwa makini. Wachache wametoa vyote viwili, kama taasisi ya Ai2 ya Seattle kwa modeli yake ya OLMo ya mwaka 2024. Hata hivyo, faili lililo mezani kwangu lina fadhila moja ambayo siioni kwa zile za ng'ambo: leo ni lile lile la jana. Hakuna awezaye kulibadili nikiwa nimelala, kulipandishia bei, au kuniuliza mgeni wangu wa jana alikuwa nani.

Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu Geita, la kwanza la aina yake nchini, mchimbaji na mnunuzi wakakutana mbele ya mizani rasmi. Soko halikuongeza dhahabu ardhini hata chembe. Lilimpa mchimbaji mahali pa kusimama na kuitazama namba yake ikitokea. Modeli ndogo ndani ya nyumba naithamini kwa kipimo hicho. Elimu yake ni haba, Kiswahili chake kina makengeza, na ushairi hauwezi. Lakini inapima mbele yangu, na aliyeleta kitu chake huondoka nacho.

Nanyi mlioko visiwani, wenye madaftari ya mashairi yaliyolala makabatini, msidhani kuwa jambo hili ni la vijana wa mijini. Kompyuta ya gigabaiti 8 yatosha kwa modeli ya bilioni tatu au nne. Andikeni kwanza yale madaftari, yakae kwenu, na wenyewe waseme yapi yatoke na yapi yabaki. Maana yakishasomeshwa modeli, hayarudi tena daftarini. Mimi nimeanza na maneno ya Kisukuma ninayoletewa kibarazani. Yamefika mia nne na kumi, kila moja na jina la aliyenipa na ruhusa yake. Wako waliokataa, na ya hao sikuyaandika.