Kumbe Khofu Yangu Ilikuwa ya Watu

Nayaandika haya kwa ajili ya kijana aliyejifunza kazi bila ya mwalimu, akaiweza kiasi chake, kisha akaogopa kuionyesha. Ugonjwa huo naujua. Niliuugua mwaka mzima.

Kazi yangu ni kutengeneza katuni zinazotembea. Ili mtu wa katuni aende kwa sekunde moja tu, huhitajiwa kama picha 24, kila moja imesogea kidogo kuliko mwenziwe. Sikusomea chuoni, kwani karo haikuwako. Nilijifunza usiku baada ya Isha, kwa kompyuta kuukuu na programu iitwayo Blender, ambayo hutolewa bure. Na kwa anayeuliza juu ya taswira, wanavyuoni wamekhitilafiana. Nami nilimwendea sheikh wangu, nikajiwekea mipaka.

Kwa muda mrefu watu wangu walitembea kama waeleao majini. Kasoro sikuijua, mpaka siku moja nilipokaa barazani, Mji wa Kale, Mombasa, nikamtazama kijana akisukuma mkokoteni wa maji. Nikaona mwili wake hulala mbele kwanza, miguu ikakaza, ndipo gurudumu likazunguka. Kumbe nilikuwa nikitengeneza mwendo usio na uzito! Nilirudi nyumbani nikaanza upya, na mara hii mkokoteni ukawa mzito kweli. Nilifurahi kama aliyeokota lulu.

Lakini ilipotangazwa kazi katika kampuni moja ya katuni, nao wakataka kuona mifano ya kazi tu wala si cheti, nilishindwa kuipeleka. Kila usiku nilitazama kazi za mabingwa wa ulimwengu, kisha nikaitazama yangu, nikaiona takataka. Nikajiambia, "Ngoja niutengeneze mkono huu kwanza." Ulipokwisha mkono, likaja jicho. Siku ya mwisho ikapita, na kazi yangu ingali kompyutani. Nami nikajisifu kuwa ni mnyenyekevu, sipendi makuu!

Mama yangu hupika mahamri ya kuuza. Asubuhi ile aliniona nimejiinamia, akaniuliza, nikamweleza. Akacheka, akasema: "Mwanangu, wewe waona mahamri yangu yote huumuka? Yako yasiyoumuka, na hutoka nayo vivyo hivyo. Apendaye atanunua, asiyependa ataniambia kasoro, kesho nikande vizuri zaidi. Lakini nikiyafungia jikoni, tutakula nini?"

Maneno yale yalinichoma, nikajihisabu nafsi yangu. Masheikh wetu hutufundisha kuwa riya si kutenda ili watu wakuone pekee. Hata kuacha jambo la kheri kwa kuogopa macho yao huingia humo. Mnyenyekevu huijua kasoro yake akatoka nayo, akitafuta wa kumrekebisha. Mimi niliificha yangu nisije nikaambiwa. Hicho kilikuwa kiburi kilichovaa kanzu ya unyenyekevu. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa na mtu juu ya ngamia wake, alimwambia amfunge, kisha atawakali. Mimi nilidai kutawakali, na kamba sijaishika.

Wala tusiseme asiye na cheti hana njia. Gints Zilbalodis wa Latvia alijifunza mwenyewe. Alianza kwa filamu fupi fupi, kisha akaitengeneza Away, ya mwaka 2019, peke yake, kwa miaka kama mitatu na nusu. Filamu yake Flow, iliyotengenezwa kwa Blender hiyo hiyo ya bure, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2025. Simtaji ili kila kijana atarajie tuzo. Namtaja kwa kuwa kazi zake alizitoa zikaonekana kabla hajawa bingwa.

Tangu hapo nimepeleka kazi yangu mahali patatu. Wawili hawakujibu. Wa tatu alisema mwendo ni mzuri, ila nyuso zimekufa. Amesema kweli, na sasa nasomea nyuso pale pale barazani. Kazi bado sijaipata, lakini usingizi nimeupata.

Ewe kijana mwenzangu, rizki haimo mkononi mwa mwajiri. Ila kubisha mlango ni juu yako. Mwenyezi Mungu atuondolee khofu ya waja, atubakishie khofu Yake. Amin.