Betri ya Boti Sur na Zamu ya Maji Nizwa

Mwenyeji wetu wa Sur anapotaka kushuka baharini, mkewe humwuliza mambo matatu mlangoni: maji, mkate, betri. Maji na mkate ni mazoea tu. Kwenye betri husimama mpaka ajibiwe kwa tarakimu. "Kumi na mbili nukta saba," mzee atasema, yaani volti 12.7, na hapo ndipo anapopishwa.

Safari yetu ya Sharqiyah ilikuwa ya kuona jamaa na kula tende. Lakini ukikaa siku nne katika nyumba ya mwenye boti, utajua habari za betri upende usipende, kwa sababu zinazungumzwa kwenye kahawa, kwenye chakula, na hata kwenye gari. Nami nimeona niwaandikie ndugu mlioko mbali, maana miongoni mwenu najua wapo wanaoishi ndani ya boti huko Ulaya, na hesabu yao ni hii hii.

Sur ni mji wa hori. Bahari imeingia ndani ya nchi kama mfuko, upande mmoja mji wenyewe, upande wa pili Al Ayjah na nyumba zake nyeupe. Hapa ndipo palipoundwa majahazi yaliyokwenda Lamu, Mombasa na Unguja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Moja lao, Fatah al-Khair, lililoundwa hapa mwaka 1951, liliuzwa nje, na mwaka 1993 likarudishwa kutoka Yemen; sasa limekaa nchi kavu, watoto wanapigwa picha chini yake. Jahazi lile halikuhitaji betri. Taa yake ilikuwa kandili, na nguvu yake upepo. Upepo ukikatika nahodha hungoja, na kungoja kulikuwa sehemu ya safari.

Boti za leo nyingi ni za faiba, zina mashine moja au mbili nyuma. Mashine ndogo ya nguvu ya farasi 15 unaivuta kamba ikawaka. Ya farasi 100 huivuti, inataka betri. Kwa hiyo betri ya boti ya Sur si ya taa na simu peke yake. Ndiyo njia ya kurudi nyumbani.

Mama ndiye aliyetusimulia sababu ya maswali yake ya mlangoni. Miaka kadhaa nyuma, wanawe wawili na binamu yao walilala nje, upande wa Ras al-Hadd, mashine imezimwa, wakivua kwa mshipi. Boti ilikuwa na betri moja kwa kila kitu. Taa za kazi ziliwaka mpaka alfajiri, kioo cha kutazamia kina na samaki hakikuzimwa, redio ikaimba, simu zote tatu zikachajiwa. Kulipokucha wakazungusha ufunguo: tak, tak, basi. Walikuwa na simu tatu zilizojaa chaji na mtandao hakuna. Redio ya mawasiliano nayo ilikuwa ikikoroma tu. Walikaa wakipeperusha kitambaa mpaka boti nyingine ilipowaona baada ya adhuhuri na kuwafunga kamba. Bahari siku ile ilikuwa shwari. Mama hakutaka kutueleza ingekuwaje kama isingekuwa.

Tangu siku hiyo boti ina betri mbili. Moja ni ya kuwashia mashine na haiguswi kwa jambo lingine. Ya pili ni ya matumizi. Katikati yake kuna swichi, na swichi hiyo mzee huifunga kwa mkono wake mwenyewe kila mashine inapozimwa.

Nilimwomba anipigie hesabu ya usiku mmoja. Alichukua kalamu na kipande cha karatasi ya halwa. Betri ya matumizi ni ya ampea-saa 100, ya kawaida, ya risasi na tindikali. Lakini mia hiyo, alisema, ni ya maandishi. Wewe una hamsini. Betri ya namna hii ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inajikinga kwa kufa mapema: chumvi ya risasi hushika kwenye sahani zake ndani, na kila siku nafasi ya kuweka umeme inapungua. Ikiwa imejaa na imepumzika, mita inaonesha 12.7. Ikifika karibu 12.2, umekula nusu. Hapo unazima.

Kisha akaorodhesha, kwa saa 12 za usiku. Redio ya mawasiliano ikiwa inasikiliza tu inakula kama nukta nne ya ampea, basi karibu 5 mpaka asubuhi. Kioo cha samaki ampea 1, basi 12. Taa ya nanga, hizi ndogo za kisasa, 2 na ushei. Taa za kazi ampea 2, lakini kwa saa nne tu, 8. Pampu ya kutoa maji ndani ya boti, kwa dakika chache chache, moja na nusu. Simu tatu, nne na nusu. Ukijumlisha unapata 33 hivi. Zimebaki 17 za akiba. "Sasa mwanangu mkubwa anataka friji ndogo," akasema. Friji inayokula wastani wa ampea 3 ni 36 kwa usiku. Alizungushia 36 duara mara mbili, akatutazama sote mezani, na mwanawe mkubwa akajifanya anamtafutia mtoto maji.

Mchana kuna sola. Paneli ya wati 100 juu ya kivuli cha boti huirudishia betri kiasi cha ampea-saa 30 kwa siku njema, karibu sawasawa na matumizi ya usiku. Nilidhani kwa jua la Oman ingekuwa zaidi. Hapana: paneli hupenda mwanga na huchukia joto. Kwa kila digrii inayozidi 25 kwenye paneli yenyewe hupoteza karibu nukta nne ya asilimia, na paneli iliyoanikwa Sur inafika digrii 60 bila taabu. Ongeza vumbi na chumvi. Mzee huipangusa kwa kitambaa cha maji baridi alfajiri, kabla haijapata moto.

Joto ndilo adui hasa, kuliko matumizi. Kanuni inayojulikana kwa betri za risasi ni kwamba kila digrii 10 zinazozidi, umri wake unapungua karibu nusu. Na pwani hii haina usiku wa kupumzika. Qurayyat, mji wa pwani uliopo njiani kati ya Muscat na Sur, Juni 26 mwaka 2018 kipimajoto hakikushuka chini ya digrii 42.6 mchana na usiku mzima. Kwa hiyo sanduku la betri la mwenyeji wetu limepakwa rangi nyeupe, limewekwa kivulini, na lina matundu. Matundu si ya baridi tu: betri ya risasi ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto, na sanduku lililozibwa kabisa ni bomu.

Juu ya kifuniko chake ameandika kwa kalamu ya wino mzito, kwa Kiarabu, mistari minne. Mashine. Redio na taa ya nanga. Pampu. Vingine. Nilimwuliza, "Ami, mpangilio huu umefundishwa wapi?" Akasema: "Nizwa, kwenye falaj."

Nilidhani ananitania. Basi siku mbili baadaye tulipopita Nizwa, kurudi, tukaenda kutazama.

Falaj ni mfereji. Unachukua maji kutoka kisima mama kilichochimbwa chini ya mlima, unayaleta kwa mteremko mdogo sana, bila pampu wala mashine, mpaka kwenye mitende. Falaj Daris ya Nizwa ni mojawapo ya aflaj tano za Oman zilizoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Nyingine katika hizo tano, Al-Jeela, iko milimani upande wa Sur. Huko Uingereza mfereji hubeba boti. Hapa hubeba maji tu, na mtoto akitia miguu yake humo wakati wa joto hataki kutoka. Wangu walilazimika kunyanyuliwa.

Kitu cha kutazama ni mgawo wake. Maji yanapotokeza juu ya ardhi, mahali pa kwanza ni pa kunywa, na kila mtu ana haki hapo, mpita njia na mwenye shamba. Kisha msikiti na sehemu za kuogea. Kisha mitende. Mwisho kabisa, mashamba ya msimu: vitunguu, majani ya mifugo, ngano. Mitende haiwezi kungoja. Ukiikosesha maji umepoteza mti wa miaka mingi. Kitunguu mwaka huu usipopanda utapanda mwakani. Kwa hiyo mvua zikiwa chache, mashamba ya msimu ndiyo yanayoachwa makavu, na watu hawagombani, kwa sababu mpangilio ulikwisha kuamuliwa kabla ya kiu.

Na maji yenyewe hugawiwa kwa muda. Kipimo kinaitwa athar, nusu saa. Athar 24 ni badda moja, nusu ya siku. Mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Leo wengi hutumia saa ya mkono. Mtu anaweza kurithi athar, kuuza athar, kukodisha athar. Hawezi kuongeza maji ya kisima mama. Ampea-saa 50 za boti ile ni hivyo hivyo: unaweza kuzigawa utakavyo, huwezi kuzizidisha kwa kuzihitaji zaidi.

Ndio maana mzee aliandika kwenye kifuniko. Mashine na redio ndiyo maji ya kunywa. Simu ni kitunguu.

Mkewe ni mtu wa Ibra, na ukoo wake bado una mitende na sehemu yake ya falaj huko. Tulilala kwao usiku mmoja. Ibra ni katika ile miji ya Oman ambako Mswahili hajisikii mgeni: bibi alitupokea kwa "karibuni wanangu" kabla hatujatoa shikamoo, na chai ilikuwa ya tangawizi. Jumatano kuna soko la wanawake. Mwenzangu alirudi na mizigo ambayo mizani ya uwanja wa ndege iliifikiria kwa muda mrefu.

Sasa kwenu mlioko Uingereza. Kodi za nyumba London zimewasukuma baadhi ya watu, wanafunzi nao wamo, kwenye boti nyembamba za mifereji. Sheria yao ya mwaka 1995 inasema boti isiyo na gati lake la kudumu isikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, basi unahama na nyumba yako, na mara nyingi hupati pa kuchomeka waya. Betri ndiyo meneja wa nyumba. Tatizo lenu ni la upande wa pili: baridi. Betri ya risasi kwenye digrii 0 inakupa pungufu kwa kama sehemu moja ya tano, na sola ya Desemba haitoi kitu cha kusema. Mnawasha injini ili kuchaji, na jirani anataka iwe kimya kuanzia saa mbili za usiku. Orodha ya mistari minne itawafaa. Ianzeni na pampu na kengele ya gesi ya sumu, maana mna jiko la kuni ndani, friji chini, kompyuta ya masomo muipe nafasi yake kwa saa zilizohesabiwa, kama athar.

Mtauliza habari ya betri za litiamu. Nyumba ile ya Sur ina kambi mbili juu ya jambo hili. Mwana anasema: ya ampea-saa 100 inakupa 80 au zaidi bila kudhurika, na uzito wake ni karibu nusu. Ni kweli. Baba anasema: bei yake ni mara kadhaa, haitaki kuchajiwa moja kwa moja na mashine bila kifaa cha kati, na nyingi zina kidhibiti kinachokata umeme joto likizidi, na hapa joto huzidi. Ni kweli pia. (Kwenu ni kinyume: haifai kuchajiwa chini ya digrii 0, inaharibika.) Kwa maoni yangu kijana ana haki kwa betri ya matumizi, na baba ana haki kwa ile ya kuwashia. Sikulisema mezani, mgeni hali na pande mbili.

Kila mwaka, Agosti 15 mpaka Oktoba 15, kuvua nguru kumefungwa Oman ili samaki wazae, na boti hiyo hukaa. Betri iliyoachwa kwenye joto hujimaliza yenyewe polepole hata kama hakuna kinachowashwa. Basi mzee hung'oa nyaya, hupaka vichwa vya betri grisi, huzileta zote mbili nyumbani na kuziweka penye baridi kuliko pote, kwenye ushoroba wa jikoni karibu na dirisha, kando ya gunia la mchele. Mama hulalamika kila mwaka. Mara moja kwa mwezi huzichaji, dirisha wazi. Oktoba ikikaribia huzipima: huzijaza, huziacha zipumzike usiku mmoja, huwasha taa moja kwa saa zinazojulikana na kutazama mita imeshuka wapi. Iliyofaulu hubebwa na mtoto wa mwisho mpaka ufukweni, kilo karibu 25 begani. Iliyoshindwa haitupwi. Inapanda gari kwenda Ibra, shambani, ikawashe taa ya banda la mbuzi.