Mama na Samaki wa Leiden

Mama alikuja Uholanzi mwisho wa Septemba, majani yameanza kupukutika na ile mvua ya Leiden, nyembamba isiyokatika, imeshika zamu. Barua ya udhamini, bima, picha, miadi ya ubalozini: hayo yalitula miezi na sina hamu ya kuyarudia. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mama hakungoja ya tatu. Nilitoka kazini kesho yake nikakuta mapazia yamefuliwa, kabati la viungo limepangwa upya, na bibi wa Kiholanzi wa ghorofa ya chini, ambaye kwangu salamu yake ilikuwa kutikisa kichwa tu, ameshapelekewa sahani ya vitumbua.

Oktoba 3 ikatukuta katika siku hizo hizo. Ni sikukuu ya Leiden peke yake. Ukienda Amsterdam ni siku ya kazi kama nyingine. Mimi kwa miaka nilikuwa naikwepa. Bia zinaanza asubuhi, kuta za vichochoro zinanuka mkojo kabla ya adhuhuri, na muziki wa bembea za umeme haukuachi ulale. Lakini ukiwa na mgeni unalazimika kuutazama mji wako.

Kwa hiyo tukatoka, na njiani nilimpa mama kisa cha sikukuu hiyo. Mwaka 1574 jeshi la Mfalme wa Hispania liliuzingira mji, likaufungia chakula tangu Mei. Watu walikula mbwa na paka, na maelfu walikufa kwa njaa na tauni. William wa Orange na wenzake wakaamua kutoboa matuta yanayozuia maji, wakayazamisha mashamba yao wenyewe ili mashua za wapiganaji wao zipate kupita juu yake. Maji yalikuwa haba, mashua zikakwama. Kisha upepo ukageuka, maji yakapanda, Wahispania wakatoroka usiku, na asubuhi ya Oktoba 3 mashua zikaingia na samaki aina ya heringi na mikate myeupe. Ndiyo maana mpaka leo wenyeji waliojiandikisha hugawiwa samaki na mkate pale Waag, jengo la kale la mizani.

Mama alikuwa amevaa koti langu la baridi juu ya dera, na juu ya koti akajitanda kanga. Nilimwambia foleni ni ndefu, akae kwenye benchi nimchukulie.

"Foleni gani hii?" akasema. "Watu wanacheka."

Akanisimulia ya kwao pale pale tukisogea hatua moja moja. Njaa ya 1974, yeye msichana wa shule, mvua zimekata na watu wamehamishiwa kwenye vijiji vipya, mashamba wameyaacha walikotoka. Serikali ikaagiza mahindi ya njano kutoka nje, watu wakauita unga wake yanga, kwa rangi ya ile timu ya Dar es Salaam. Ulikuwa na harufu ya gunia, alisema, na babu yangu, shabiki wa kufa wa Simba, wapinzani wao, aliula akinung'unika kwamba hata njaa imekuja na jezi. Bibi yangu alikuwa akisonga ugali usiku, mlango umefungwa, jirani asijue kuna kitu jikoni. Hapo mama alinyamaza kidogo, akarekebisha kanga. Nimekulia Tanga mikononi mwake na habari hii nilikuwa sijawahi kuisikia. Bibi ninayemkumbuka mimi hakuweza kula bila kumwita mpita njia.

Zamu yetu ikafika. Kijana mmoja kando yetu alimshika heringi mkia, akainua uso juu, akamshusha kinywani. Akamwonyesha mama kwa ishara: hivi, hivi.

"Mbichi?" mama akaniuliza.

"Ametiwa chumvi, mama."

"Chumvi si moto."

Mama akawafunga samaki wetu kwenye mfuko, tukarudi nyumbani. Aliwapitishia kidole gumba tumboni akitafuta mifupa iliyosalia, akawaloweka maji kupunguza chumvi, akawasugua ndimu, kitunguu saumu na pilipili mbuzi aliyokuja nayo kutoka Tanga, kisha kikaangoni. Heringi ana mafuta yake mwenyewe. Harufu ilishika ngazi zote mpaka mlango wa chini. Mama alikata ule mkate, akaweka samaki juu yake, akanituma kwa bibi wa chini. Gwaride la mchana lilipita na matarumbeta yake, tukaliona nusu kupitia dirishani, mikono ina mafuta.

Jioni bibi wa chini akatuita kula hutspot: karoti, vitunguu na mbatata vilivyopondwa pamoja, na kipande cha ng'ombe kilichochemka mpaka kinaachana. Nyama, alituhakikishia, ameinunua kwenye bucha la Wamorocco. Alitueleza hadithi ya Cornelis Joppenszoon, mtoto yatima aliyekuta sufuria ya Wahispania imeachwa ina chakula kwenye ngome ya Lammenschans. Sufuria inayosemekana ndiyo hiyo ipo makumbusho ya Lakenhal. Mbatata zenyewe siku zile zilikuwa hazijulikani huko. Walipika kwa mizizi mingine. Mama alisema chakula hiki ni cha mgonjwa, kisha akajipakulia tena.

Mimi nilikuwa mkalimani. Bibi akasema mwaka 1575 William wa Orange aliupa mji chuo kikuu kwa ushujaa wake, na watu husimulia kwamba wenyeji walipewa wachague: wasamehewe kodi au wapate chuo.

Mama akaweka kijiko chini. "Mtu katoka kwenye njaa unamletea chuo? Walipunjwa."

"Lakini mama, chuo hicho ndicho nilichokuja kusomea. Bila hicho mimi na wewe tusingekuwa hapa."

Nikamfasiria bibi, akasubiri jibu. Mama alitafuna bila haraka.

"Mwambie," akasema, "wangeomba chuo, na kodi nusu."