Kusubiri Kuaminiwa



Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wetu aliyekulia hapa Soweto, akatumikia altareni miaka mingi, na ambaye sasa anaishi na kufanya kazi Marekani kwa hati ya ukaazi wa kudumu. Mama yake ni mgonjwa, na kijana huja nyumbani kila apatapo likizo. Ili kupunguza foleni anaporudi kule, aliomba kuandikishwa katika mojawapo ya mipango ya wasafiri wanaoaminika. Unaojulikana zaidi huitwa Global Entry, na ulianza mwaka 2008. Mwombaji hulipa ada, ambayo tangu Oktoba 2024 ni dola 120, wala harudishiwi hata akikataliwa. Historia yake huchunguzwa. Akivuka hatua hiyo hupewa kibali cha masharti, kisha huhojiwa na kuchukuliwa alama za vidole. Akikubaliwa, kwa miaka 5 huhesabiwa kuwa msafiri wa kuaminika na hupita uwanjani kwa njia fupi.

Kijana wetu yungali katika hatua ya kwanza. Ni mwezi wa nane sasa, na kila akitazama hukuta maneno yaleyale, kwamba ombi lake linashughulikiwa. Aliniandikia hivi: “Shikamoo Baba. Hawajanikataa, wala hawajanikubali. Sijui wameona nini juu yangu. Nimeanza kujichunguza kama mtu aliyetenda kosa.”

Nilimjibu upesi, kama tulivyozoea sisi mapadre. Nilimwambia kwamba subira huvuta heri, asali rozari, angoje. Jibu lile lilikuwa sahihi, na halikunigharimu kitu.

Siku mbili baadaye mama mmoja alibisha hodi ofisini. Alihamia hapa kutoka Iringa mwanzoni mwa mwaka, anauza viazi sokoni, na binti yake anahudhuria mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. “Tumsifu Yesu Kristo, Baba Paroko,” alisema. “Samahani, nimekuja tena.”

Neno lile “tena” lilinichoma. Ilikuwa mara yake ya nne. Barua ya utambulisho aliyotoka nayo parokia ya zamani ilikosa muhuri, na cheti cha ubatizo cha mtoto kilipotea katika kuhama. Nilikuwa nimemwahidi kwamba nitauliza. Karatasi zake nikazitia katika droo, na humo zikakaa wiki saba. Sababu ninazo: ujenzi, misiba, semina ya makatekista. Lakini ukweli, wapendwa, ni kwamba sikumfahamu, na shida ya mtu tusiyemfahamu hungoja shida za tunaowafahamu zimalizike.

“Mtoto ananiuliza kama na yeye atashonewa gauni,” alisema yule mama kwa upole. “Kitambaa nimekwisha kununua, Baba, ila nimeogopa kukikata.”

Nilifungua droo mbele yake, nikampigia simu paroko mwenzangu wa Iringa. Alikwenda kufungua kitabu cha ubatizo, na jina la mtoto lilikuwemo, pamoja na namba na tarehe. Mazungumzo yote hayakuzidi dakika nane. Kwa ajili ya dakika nane, mtoto alikaa wiki saba katika mafundisho asijue kama anahesabiwa.

Alipoondoka nilikumbuka jambo la ujana wangu wa upadre. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 903, unasema kwamba padre asiyefahamika aruhusiwe kuadhimisha Misa akionyesha barua ya mkuu wake iliyotolewa ndani ya mwaka, au ikiwa kwa busara yaweza kuonekana kwamba hana kizuizi. Barua hiyo huitwa celebret. Jioni moja nilifika parokia ya mbali bila barua hiyo, nikaketishwa kwenye benchi la sakristia mpaka simu ipigwe kwetu. Nilingoja saa moja tu, na saa ile nimeisimulia kwa uchungu miaka mingi. Ya wiki saba za yule mama sikuwahi kuyawaza.

Sisemi kwamba uchunguzi ni ubaya. Mpaka wa Tunduma uko kiasi cha kilomita 100 kutoka hapa. Tunajua yanayopita huko, na alindaye mpaka hana budi kuuliza. Kanisa nalo huuliza, kwa kuwa ubatizo hautolewi mara mbili, na ndoa yahitaji ulinzi. Kosa ni kuuliza, kisha kusahau kwamba kuna mtu anayengoja.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9, kinatusimulia kwamba Sauli alipofika Yerusalemu wanafunzi walimwogopa. Walikuwa na haki ya kuogopa, maana aliwahi kuwatesa. Barnaba hakuwalaumu kwa hofu yao. Alimchukua Sauli mpaka kwa mitume, akawaeleza aliyoyajua juu yake. Alikubali kwenda na yule mgeni asiyeaminika hadi swali lake lipate jibu.

Basi nilimwandikia kijana wetu mara ya pili. Nilimwambia kwamba ombi lake siwezi kulisukuma, lakini nimekwenda kwa mama yake, nimempelekea Komunyo, na amenituma salamu. Kisha nikamweleza habari ya droo yangu. Kwa wiki zote saba ukimya wangu haukuwa na neno lolote baya juu ya yule mama. Sikuwa nimemhukumu, sikuwa hata nimezisoma karatasi zake. “Kwa hiyo, mwanangu,” nilimwandikia, “usitafute dhambi yako katika ukimya wa ofisi. Jibu ambalo halijafika halijasema lolote juu yako.”

Ndugu zangu, nawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo mniletee majina ya wote waliohamia kwetu mwaka huu na ambao bado wanangoja karatasi. Droo ile nitaifungua kila Ijumaa. Mkiona siku zinapita nami nimenyamaza, njooni mbishe hodi, na msiniombe samahani.

Jana jioni, nikipita sokoni, yule mama aliniambia kwamba kitambaa kimekwisha kukatwa.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu.