Jioni Moja Mombasa

Mimi ni bwana shamba. Kwa miaka mingi nimetembea shamba hadi shamba wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Nilipopata likizo, mke wangu aliniambia, "Baba Juma, hatujapata kukaa pamoja mahali pasipo na jembe." Maneno hayo yalinigusa. Tukachukua sehemu ya fedha za machungwa, tukaenda Mombasa, nchini Kenya, sisi na watoto wetu wawili.

Nilikuwa na jambo jingine moyoni. Kijana wangu Juma amemaliza kidato cha nne, na jembe halitaki. Kila siku anasema, "Nitakwenda mjini." Nikaona afadhali auone mji huo akiwa pamoja nasi.

Tulipanda basi Tanga asubuhi. Pale mpakani Horohoro tulionyesha hati zetu za kusafiria, tukabadilisha fedha. Kenya nao wana shilingi, lakini shilingi yao moja inapata shilingi nyingi za kwetu. Kwa hiyo ukitajiwa bei, usifurahi upesi. Fanya hesabu kwanza.

Mji wa Mombasa uko kisiwani. Ukitoka upande wetu unafika Likoni, unavuka kwa kivuko. Waendao kwa miguu hawalipi nauli. Watu ni wengi mno, wanateremka kama maji ya mto. Nilimshika mkono binti yangu Asha, nisimwachie hata kidogo.

Jioni tulikwenda ufukweni, mahali panapoitwa Mama Ngina. Pana mibuyu mikubwa ya zamani na upepo mzuri wa bahari. Watu wa mji huja hapo na watoto wao kupumzika. Tuliketi tukatazama meli kubwa ikiingia bandari ya Kilindini. Ilipita karibu sana, hata Asha akawapungia mkono mabaharia.

Bibi mmoja aliyeketi karibu nasi alimwita Asha, "Ndoo, mwanangu!" Asha akatazama huku na huku. Akaniuliza, "Baba, bibi anataka ndoo ya nini?" Tulicheka sana. Kwa watu wa Mvita, "ndoo" maana yake ni "njoo", na njia huiita "ndia". Kiswahili ni kimoja, lakini kila mahali wana ladha yao.

Kisha tukanunua mihogo ya kuchoma. Muuzaji huupasua mhogo katikati, akaupaka chumvi, pilipili na ndimu. Ni mtamu! Muuzaji wetu alikuwa kijana wa umri wa Juma. Juma akamwuliza, "Kazi hii ina faida?"

Yule kijana akajibu huku akipepea moto, "Naamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni Kongowea. Nikichelewa, napata mihogo iliyolala, imeanza kuwa myeusi ndani. Mkaa nanunua, chumba nalipia. Mvua ikinyesha jioni, mihogo yanibakia. Na nyinyi kwenu mwanunua kwa nani?"

Juma alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hatununui. Tunalima."

"Basi nyinyi ni matajiri," akasema yule kijana. Alisema kweli, hakutania. Juma hakumjibu, lakini aliuliza gunia moja linauzwa kiasi gani kule Kongowea.

Jua lilipozama tulikwenda Mji wa Kale. Tuliiona Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waarabu wa Oman waliiteka mwaka 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Katika vichochoro wazee walikuwa barazani wakinywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo. Mke wangu alitembea polepole, mikono mitupu. Hakuwa na kuni, wala ndoo, wala mtoto mgongoni. Sikumbuki nilimwona hivyo lini.

Usiku ule Juma aliniambia, "Baba, wewe huwauliza vijana wa watu wanataka kulima nini. Mimi hujaniuliza." Ndugu msomaji, nilikosa la kusema. Ni kweli. Nyumbani kwangu nilikuwa natoa amri tu.

Nilimwuliza usiku ule ule. Mji bado anautamani, sitakudanganya. Lakini ameomba nusu eka ya bondeni apande mihogo yake mwenyewe, na fedha ziwe zake. Nimekubali.

Wahenga walisema, kutembea kwingi ni kuona mengi. Mimi nilivuka mpaka ndipo nikamwona mwanangu. Wewe una kijana nyumbani? Usingoje safari. Mwulize leo jioni.